"Kila Saa Nane": Kazi ya Mfamasia Tunayoiacha Dirishani

Bibi mmoja alirudi kwenye dirisha letu la dawa siku ya nne baada ya kutibiwa, bahasha yake ya kaki ikiwa bado imetuna. Alikuwa na kichomi. Daktari alimwandikia amoksilini ya miligramu 500, kila baada ya saa 8, kwa siku 7, na homa ilikuwa haijamwachia. Nikazimwaga dawa kwenye trei ya kuhesabia. Vidonge 15. Kwa siku tatu kamili vilitakiwa kubaki 12.

"Bibi, hizi dawa unazinywaje?"

"Kama mlivyoniambia, mwanangu. Kila saa nane. Saa nane mchana nakunywa. Saa nane usiku mjukuu wangu kaniwekea simu iniamshe, naamka, nakunywa. Sijaruka hata siku moja."

Kweli hakuwa ameruka. Kosa lilikuwa kwenye lebo, na lebo niliiandika mimi. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa nane ni mahali: basi linaondoka saa nane, kikao kinaanza saa nane, tumezika saa nane. Ukimwambia mtu "kila saa nane" umemwonyesha mshale wa saa unaposimama, hujamwambia muda unaopita kati ya kidonge na kidonge. Naye atatii. Dawa ya mara tatu ataifanya ya mara mbili. Ukimwambia "kila saa sita", dawa ya mara nne nayo itakuwa ya mara mbili, saa sita mchana na saa sita usiku. "Kila saa kumi na mbili" ndiyo inayosalimika, kwa kuwa tu kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni zinapita saa 12 kweli.

Walimu wa Kiswahili hutukemea tukisema "masaa". Nawaheshimu, lakini dirishani neno hilo limeniokoa mara nyingi, kwa sababu mgonjwa akisikia "baada ya masaa manane" anaelewa kwamba ahesabu, asitazame ukutani. Hata hivyo siku ile sikutegemea neno hilo pia. Nilichukua bahasha mpya nikaandika kwa herufi kubwa: SAA 12 ASUBUHI, SAA 8 MCHANA, SAA 4 USIKU. Bibi hakujua kusoma, akanirudia zote tatu kwa mdomo. Kisha nikampeleka mwenyewe kwa daktari aonwe tena. Kabla yake nilikuwa nimeandika "kila saa 8" kwenye maelfu ya bahasha.

Naanza na bahasha hiyo kwa sababu mjadala kuhusu mfamasia wa hospitali hapa Tanzania karibu siku zote huanzia stoo. Dawa zipo? Dawa zimekwisha? Zimeibwa? Zimepitwa na muda? Ni maswali ya haki, na anayeyauliza ni mwananchi aliyelala foleni akaambiwa akanunue nje. Lakini kwa kuuliza hayo tu miaka nenda miaka rudi tumemgeuza mfamasia kuwa mtunza ghala. Ufamasia ulianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1974. Leo kijana anasoma miaka minne, iwe Muhimbili, Bugando au Mtakatifu Yohana kule Dodoma, anaongeza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, anasajiliwa na Baraza la Famasi, kisha tunamkabidhi funguo na ledja. Yale aliyofundishwa kuhusu figo, ini, mtoto njiti na dawa zinazogombana mwilini anayaacha mlangoni.

Nasema kazi yake kubwa iko sehemu mbili ambazo hatuzihesabu: yale mazungumzo ya dirishani, na kitanda cha mgonjwa kabla dozi haijaingia mwilini.

Nianze na dirisha, maana hata hilo hatulielewi. Watu wengi, na nasikitika kusema hata baadhi ya viongozi wa hospitali, wanadhani kutoa dawa ni kusoma cheti, kuhesabu na kukabidhi. Cheti kinapofika mkononi mwa mfamasia, kazi ya kwanza ni kukitilia shaka. Mgonjwa huyu ana miaka mingapi? Ana uzito gani? Ni mjamzito, ananyonyesha? Dawa hii inalingana na ugonjwa ulioandikwa? Dozi inamtosha, inamzidi? Anatumia nini kingine nyumbani, pamoja na mizizi aliyopewa na shangazi yake? Aliwahi kutokwa na vipele au kuvimba midomo baada ya sindano fulani? Ukipata jibu lisilokaa sawa unampigia daktari kabla hujafungua kopo. Hapo ndipo kuhesabu kunapoanza. Kisha inakuja lebo, kisha maelezo, na mwisho lile jambo dogo linalorukwa kuliko yote: kumwomba mgonjwa akurudie kwa maneno yake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vyake vya matumizi ya dawa katika vituo vya afya mwaka 1993, liliweka humo muda ambao mtoa dawa anatumia na mgonjwa, lebo kama imeandikwa inavyotakiwa, na mgonjwa kama anajua namna ya kunywa dawa anapoondoka. Zaidi ya miaka 30 imepita. Nenda hospitali yoyote yenye foleni saa nne asubuhi, usimame kando, utazame. Mkono unatoka, bahasha inaingia mkononi, "moja mara tatu, hii mbili mara mbili, anayefuata". Kwenye bahasha kumeandikwa 1x3. Kwa aliyesoma hesabu ile ni alama ya kuzidisha, na wapo waliozidisha kweli, wakameza vitatu kwa mpigo.

"Mara tatu" nayo ina mitego yake. Wengi huifunga kwenye milo: asubuhi, mchana, jioni. Kwa nyumba inayokula mara mbili, dawa ya mara tatu inakuwa ya mara mbili bila mtu yeyote kukosea. Ukimwambia "baada ya kula" na siku hiyo hakuna chakula, dawa hainywewi. Mwezi wa Ramadhani huko Tanga, Unguja au Kilwa, mgonjwa wa kisukari aliyezoea kumeza glibenklamidi asubuhi akifunga na dozi ile ile ya asubuhi, sukari yake inaweza kushuka mchana mpaka akaanguka. Mwingine anaamua mwenyewe kuacha dawa mwezi mzima. Wote wawili walihitaji mtu wa kukaa nao kabla mwezi haujaandama, wapange na daktari kama anaweza kufunga, na kama anaweza, dozi ipi ihamie futari na ipi daku.

Dawa mseto ya malaria ni mfano mwingine. Ni dozi sita: ya kwanza, ya pili baada ya masaa manane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Inataka mafuta kidogo tumboni ndipo ifyonzwe vizuri. Si lazima pilau, kikombe cha maziwa au karanga kinatosha. Anayeinywa na chai ya rangi kwa sababu anatapika na hataki kula, sehemu ya dawa inapita bure. Maelezo hayo yanachukua dakika mbili. Dakika mbili kwa kila mgonjwa, na wagonjwa 300 nje, hapo ndipo ninapoelewa kwa nini mwenzangu anasema "anayefuata". Sitamlaumu. Hata hivyo tusijidanganye kwamba amemaliza kazi.

Sasa tuingie wodini, ambako mambo ni mazito zaidi.

Chukua kitoto kichanga cha kilo 3 kinachoshukiwa kuwa na maambukizi kwenye damu. Anaandikiwa jentamaisini, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 15. Dawa tuliyonayo kabatini ni kichupa cha mililita 2 chenye miligramu 80, kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima. Piga hesabu: muuguzi anatakiwa kuvuta mililita 0.375. Ni saa nane ya usiku, yuko peke yake, ana watoto 20, na bomba la sindano alilo nalo ni la mililita 5, ambalo mistari yake haiwezi kusoma kiasi hicho. Akikisia kati ya mstari na mstari, dozi inaweza kupungua au kuzidi. Akivuta kichupa chote kwa uchovu, mtoto amepata zaidi ya mara tano ya dozi yake. Jentamaisini ikizidi hushambulia figo na masikio, na masikio hayarudi. Hakuna atakayejua. Miaka miwili baadaye mama atasema mwanangu amechelewa kuongea.

Mfamasia anayeingia wodi ile haleti miujiza. Anaongeza mililita 6 za maji ya sindano au salaini kwenye zile mililita 2, zinakuwa mililita 8 zenye miligramu 10 katika kila mililita. Sasa muuguzi anavuta mililita 1.5, kiasi ambacho bomba la mililita 2 linakisoma. Mfamasia anaibandika karatasi ya hesabu hiyo ukutani juu ya meza ya dawa, kwa kilo 1, kilo 1.5, kilo 2, mpaka kilo 4. Anahakikisha mabomba ya mililita 1 na ya mililita 2 yameagizwa. Anakumbusha kwamba muda kati ya dozi na dozi kwa mtoto njiti unaweza kuwa mrefu zaidi kwa sababu figo zake hazijakomaa. Anauliza na dripu: kama mtoto huyo huyo ameandikiwa seftriaksoni na anawekewa RL (dripu ya Ringer's Lactate), asimame, kwa sababu RL ina kalsiamu, na viwili hivyo vikikutana kwa kichanga vinaweza kufanya chembe ngumu kwenye mapafu na figo. Daktari anajua jambo hilo, alilisoma. Lakini anawaona watoto 20 na amekesha. Macho mawili mengine, ambayo kazi yake ni dawa tu, yanaona yanachotafuta.

Wodi ya wazazi ina habari kama hiyo. Kifafa cha mimba kinatibiwa kwa magnesiamu salfeti, na vichupa tunavyopokea ni vya asilimia 50. Dozi ya kuanzia ya gramu 4 ni mililita 8 za kichupa hicho, ziongezwe mililita 12 za maji ya sindano, kisha zisukumwe taratibu. Mama anarusha mikono, ndugu wanalia mlangoni, na mtu anatakiwa kufanya hesabu. Mahali ambapo mfamasia ameandaa boksi la dharura kabla, lenye vichupa vilivyohesabiwa, maji yaliyopimwa, maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kalsiamu glukoneti pembeni kwa ajili ya kuokoa pumzi zikianza kulegea, hesabu imeshafanyika mchana mtu akiwa ametulia. Boksi hilo ni utoaji dawa, na ni tiba. Sijui kwa nini tunavitenganisha.

Na kwa watu wazima kuna mkutano wa magonjwa ambao kizazi chetu kimeurithi. Mgonjwa mmoja, kifua kikuu, VVU na kisukari. Anameza TLD, dawa ya VVU yenye dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, mara moja kwa siku, na mojawapo ni dolutegraviri. Anaanzishwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, ambayo huliamsha ini lichome dawa nyingine haraka, na dolutegraviri ni mojawapo. Kwa hiyo anatakiwa kuongezewa dolutegraviri ya miligramu 50 masaa kumi na mawili baada ya TLD, kila siku, mpaka amalize rifampisini na muda kidogo baadaye. Halafu dolutegraviri yenyewe huifanya metformini, dawa yake ya kisukari, ijae kwenye damu, ndiyo maana miongozo ya kawaida inataka metformini isipite gramu 1 kwa siku. Kisha rifampisini inaweza kuivuruga sukari na dawa zake kwa njia nyingine. Kama ni mwanamke mwenye kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, rifampisini hiyo hiyo inapunguza nguvu ya kijiti, na huenda akapata mimba aliyodhani ameizuia. Dawa za kifua kikuu zinatoka kwenye kliniki moja, TLD kwenye nyingine, metformini kwenye nyingine, kijiti kiliwekwa kituo cha afya cha kijijini. Kila mtoa huduma amefanya sawa. Faili moja linalounganisha yote halipo, ila kama kuna mtu aliyeketi na mgonjwa akamwambia: nitolee dawa zote ulizonazo, ziweke hapa kitandani.

Maneno hayo, "nitolee zote", ndiyo chombo kikubwa kuliko vyote alivyonavyo mfamasia wa wodi. Anayasema mgonjwa anapolazwa na anayarudia anaporuhusiwa. Mzee wa shinikizo la damu anaruhusiwa na amlodipini, nyumbani ana nifedipini aliyopewa mwaka jana, na hakuna aliyemwambia kwamba hizo ni ndugu wa tumbo moja, akizimeza zote miguu itavimba na presha inaweza kushuka kupita kiasi. Kijana aliyefanyiwa upasuaji wa valvu za moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete anarudi mkoani na wafarini, dawa ambayo ikipungua damu inaganda kwenye valvu, ikizidi anavuja damu. Akiandikiwa metronidazo kwa tumbo la kuhara, wafarini inapanda. Akibadili chakula ghafla, wiki nzima kisamvu na matembele ambayo hakuwa akila, inashuka. Asikatazwe mboga, ni chakula cha nyumba yake. Aambiwe ale kwa kiasi kile kile kila wiki na apime damu. Nani atakaa naye dakika kumi kumwambia hivyo, kama mfamasia yuko stoo anahesabu glavu?

Sidharau stoo. Niliifanya kazi hiyo na najua uzito wake. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na kuagiza kutoka kwake kwa makadirio sahihi ni ujuzi: ukiomba kidogo watu wanakosa, ukiomba kingi dawa zinapitwa na muda na fedha ya umma inachomwa moto. Kutoa kwanza kile kinachoisha mapema, kulinda oksitosini ikae kati ya nyuzi 2 na 8 hata umeme ukikatika, kwa sababu iliyopata joto inaweza kumwangusha mama anayevuja damu huku kichupa kikionekana kizima, hayo yote ni kuokoa maisha. Mtu akipatwa na madhara ya dawa, mfamasia ndiye anayepaswa kuhakikisha taarifa inafika kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Lakini sehemu kubwa ya kazi za stoo inaweza kufanywa, na kufanywa vizuri sana, na mteknolojia wa dawa chini ya usimamizi. Hesabu ya jentamaisini ya mtoto wa kilo 1.4 mwenye figo changa inamhitaji mfamasia.

Tatizo naliona kwenye ukaguzi. Wakaguzi wamekuja kwetu mara nyingi, na ledja zimefunguliwa mpaka kurasa zimechanika. Sijawahi kuulizwa mwaka huu umezuia makosa mangapi ya dozi. Sijawahi kuulizwa ni wagonjwa wangapi walitoka hapa wakiwa wanajua kunywa dawa zao. Kopo moja likipungua naandika barua ya maelezo. Mtoto akipewa dozi mara tano haandiki mtu yeyote, kwa sababu hakuna mahali pa kuandika. Mfanyakazi yeyote mwenye akili atakaa pale anapoulizwa, na ndiyo maana wafamasia wetu wamekaa na makopo.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuepukwa, likikadiria kwamba makosa ya dawa yanaigharimu dunia dola bilioni 42 kwa mwaka. Miaka hiyo mitano imeshapita. Sisi hatuwezi kusema tumepunguza au tumeongeza, maana katika hospitali nyingi nilizopita daftari la makosa ya dawa halipo, au lipo na ni jeupe. Na weupe wake unatokana na woga. Muuguzi aliyekosea anajua akisema ataitwa ofisini. Anayezuiwa kusema leo, kesho mwenzake atarudia lile lile.

Kuna jambo la antibayotiki pia, nitalipitia kwa ufupi ingawa linastahili makala yake. Watafiti wanakadiria kuwa mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa vimelea vilivyoshindikana kwa dawa. Seftriaksoni, ambayo wodini imekuwa kama maji ya kunywa, iko kwenye kundi ambalo Shirika la Afya Duniani linataka litumike kwa uangalifu. Mfamasia anayepita wodini siku ya tatu na kuuliza "dokta, majibu ya maabara yametoka? bado tunaihitaji hii?" anafanya kazi ambayo bango la ukutani haliwezi. Swali hilo linatakiwa kuulizwa na mtu aliyepo, mbele ya faili, siku ya tatu, kabla haijawa siku ya kumi.

Wanaopinga wana hoja, na nimezisikia nikiwa nimekaa nao meza moja. Ya kwanza: wafamasia ni wachache, hospitali ya wilaya inaweza kuwa na wawili au mmoja. Kweli. Lakini uchache huo ndio sababu ya kuacha kuwatumia kuhesabu glavu. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini: madaktari hawapendi kukosolewa mbele ya wagonjwa. Hii nayo ni kweli, na wafamasia wengine wamechangia, wanaingia wodini kama polisi. Faili si mahali pa kuonyeshana ujuzi. Unamvuta dokta pembeni, unamwambia "dokta, naomba tuangalie figo za mama huyu, naona dozi hii itamzidi", na una namba mkononi. Madaktari wote niliofanya nao kazi, baada ya mara mbili tatu za namna hiyo, walianza kunipigia wao.

Ya tatu inatuhusu sisi wenyewe. Wapo wenzetu ambao jina lao limebandikwa ukutani kwenye famasi ya mtaani kama msimamizi na wenyewe hawaonekani pale wiki hadi wiki, na hospitalini nako wanakimbia wodi kwa sababu wodi inataka kusoma kila siku. Tukidai nafasi kitandani mwa mgonjwa, tuwe tayari kuulizwa maswali kitandani, na kusema "sina jibu sasa hivi, nakuletea baada ya nusu saa", na kulileta kweli.

Nilipohamia hospitali nyingine tulikuwa wafamasia watatu. Tulimwomba mganga mfawidhi ruhusa ya raundi mbili tu kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, wodi ya watoto. Mteknolojia akabaki na dirisha na stoo asubuhi hizo. Jumanne ya kwanza nilisimama nyuma ya kundi, hakuna aliyeniuliza kitu, nikarudi na karatasi yenye mambo manne ambayo nilimweleza daktari baadaye ofisini. Alibadilisha matatu. La nne alinieleza kwa nini alifanya vile, na alikuwa sahihi, nikajifunza. Alhamisi alinisogeza mbele. Hatukuongezewa bajeti wala ikama. Tulinunua daftari la kurasa 96, tukachora mistari: tarehe, umri, uzito, dawa, kilichoonekana, kilichobadilishwa. Jina la aliyekosea halikuwa na safu. Hilo tulilibishana kwa muda, na nashukuru upande wetu ulishinda, kwa sababu wauguzi walianza kutuletea wenyewe yale waliyoyaona usiku.

Ninachoomba kwa waganga wafawidhi na kwa wanaopanga ikama wizarani na TAMISEMI si kikubwa kuliko hapo. Kila hospitali ianze na wodi moja, ya watoto au ya wazazi, maana huko kosa dogo la mililita lina gharama kubwa. Kamati ya Dawa na Tiba, ambayo mahali pengi ipo kwenye karatasi, ikae kila mwezi na isome daftari hilo kabla ya kusoma orodha ya dawa zilizokwisha. Mkaguzi akija, alidai daftari hilo pamoja na ledja. Na lebo zote za hospitali zichapwe upya zikiwa na nafasi ya saa: asubuhi saa ngapi, mchana saa ngapi, usiku saa ngapi. Zile bahasha za 1x3 zilizobaki kwenye maboksi zitumike kufungia pamba.

Ukurasa wa kwanza wa daftari letu una mistari saba. Mstari wa tatu unasema: siku 5, kilo 2.1, jentamaisini, iliandikwa kwa kilo 12, uzito umepimwa upya, dozi imerekebishwa kabla ya kuchomwa. Mtoto yule aliruhusiwa Jumatatu iliyofuata.